Kapera wa Hesabu: Makazi na Msaada kwa Akina Baba Wafanyakazi Waliotengana na Wake Zao, Eastlands



Mji wa Nairobi, ulipomwita mwanamume Mwafrika aje kufanya kazi katika reli na karakana zake, ulimhesabu kuwa ni kapera hata kama mke na wanawe walikuwa wakimngojea mashambani, ukampa nafasi ya kitanda huko Muthurwa au Shauri Moyo, na ujira wa kumtosha yeye peke yake. Na ijapokuwa Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya watu wenye familia, ilikuwa mwaka 1954 ndipo kamati ya mishahara iliyoongozwa na Carpenter ilipotamka kwamba ujira hauna budi kukidhi haja za mke na watoto pia.

Nadai kwamba hesabu ile haijafutika. Mfanyakazi wa Kayole au Dandora atenganapo na mkewe, aghalabu ndiye atokaye na begi la nguo, akawaachia watoto na mama yao nyumba ya kupanga, jambo ambalo ni la insafu, kisha akatafuta chumba kimoja ambacho keateka atamdai kodi ya mwezi pamoja na diposi, ilhali karo na matumizi ya watoto vingali vikimngoja. Sisemi haya kuwatetea wale wanaozima simu ifikapo mwisho wa mwezi. Hao mahakama na iwashughulikie.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imewatwika baba na mama dhima ya mtoto kwa usawa, wawe wameoana au la. Lakini msaada uliopo haumwoni baba huyu: Inua Jamii, yenye shilingi 2,000 kwa mwezi, ni ya wazee, mayatima na wenye ulemavu mkubwa, na ni haki yao, mfuko wa Uwezo ni wa vijana, wanawake na walemavu, na Hasla Fund, iliyozinduliwa mwaka 2022, humwanzishia mkopaji kwa shilingi 500, ambazo hazilipi diposi popote. Hata hivyo, ikiwa ameajiriwa, kwa sheria ya mwaka 2024 hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu.

Basi napendekeza kwamba aombapo nyumba hizo, watoto wanaolala kwake Jumamosi na Jumapili wahesabiwe katika jamaa yake, na kwamba hakimu, akadiriapo matumizi, aulize pia mtoto atalala wapi akimzuru babake. Lililo jepesi zaidi liko mikononi mwetu wanaume, tulio na vyama vya kuzika na vya kununua ploti lakini hatuna hata kimoja cha kumkopesha mwenzetu diposi: Sacco za matatu na za viwandani zaweza kutenga mkopo wa dharura wa kodi, ulipwe kidogo kidogo kwa miezi sita, usiokatwa kabla ya matumizi ya watoto kutolewa.