MAZUNGUMZO JUU YA MTI WA MJAFARI NA UCHIMBAJI WA MIZIZI YAKE



Mjafari ni mti mdogo wa jamaa ya mchungwa na mndimu. Anayetaka kuuhakikisha na aponde jani lake. Harufu ya ndimu hutoka mara moja. Shina lake lina miiba iliyokaa juu ya vinundu vikubwa, na matunda yake yakikauka hupasuka na kuonesha mbegu nyeusi zing'aazo. Humea katika vichaka na mapori makavu tangu Ethiopia hadi Zimbabwe, na mwambaoni unajulikana zaidi kwa waganga kuliko kwa maseremala.

Magome na mizizi yake huchemshwa kwa homa, kifua na maumivu ya meno. Matumizi hayo ni ya tangu zamani na yanastahili heshima. Hata hivyo, mwenye homa apimwe damu kwanza. Tangu mwaka 2003 Zanzibar hutumia dawa mseto kutibu malaria, na mgonjwa, hasa mtoto, asicheleweshwe nyumbani kwa kutegemea kikombe cha mizizi.

Linalotia wasiwasi zaidi ni namna dawa hiyo inavyochukuliwa. Mchuma majani huuacha mti ukiwa hai. Mchimba mizizi huweza kuondoka na uhai wake wote, ingawa shina litabaki limesimama kwa muda. Abanduaye gome kulizunguka shina huiua mizizi kwa njaa, kwani chakula kitengenezwacho na majani huteremka kwa njia ya gome. Tena mjafari una miti dume na miti jike. Miti dume ikimalizwa katika pori, miti jike iliyosalia haizai mbegu hata ikichanua kila mwaka.

Kwa hiyo inaombwa gome lichukuliwe kipande chembamba, upande mmoja tu, kwa urefu wa shina, na mti huo uachwe mpaka jeraha lizibe. Pale jani linapotosha, mzizi usiguswe. Mbegu zikusanywe matunda yanapoanza kupasuka, zipandwe zikiwa mpya ukingoni mwa shamba.

Sheria ya Misitu Namba 10 ya mwaka 1996 inawapa wanakijiji nafasi ya kufanya mapatano na Serikali juu ya kusimamia msitu ulio jirani nao. Masharti yanayotaja kuni, boriti na makaa peke yake hayamzuii mchimba mizizi. Kamati za vijiji zinaombwa kuutaja mjafari kwa jina, na vijiji visivyo na mapatano vianze kwa Sheha.