Kiti cha Mwanafunzi katika Mikutano ya Elimu ya Ubongo



Askari aliyevunjika uti wa mgongo, ama vitani ama katika ajali ya barabarani, hapotewi na akili zake. Ubongo wake ungali mzima, na amri ya kuinua mkono ingali inatolewa kila anapotaka kuuinua. Kilichokatika ni njia ya kuifikisha amri hiyo, mfano wa waya wa simu ya vitani uliokatwa na kombora: kamanda angali anasema, lakini kikosi hakisikii. Kwa miaka mingi wataalamu wa nchi zilizoendelea wamekuwa wakitafuta njia ya pili, yaani kuipokea amri kutoka katika ubongo wenyewe, kuipitisha katika kompyuta, na kuifikisha kwenye mkono wa bandia, kiti cha magurudumu au mashine ya kuandika. Elimu hiyo inakua kwa kasi. Swali linalozikabili nchi za Afrika Mashariki ni hili: je, ni nani kutoka huku anayekuwapo pale inapojadiliwa?

Elimu yenyewe si ya jana. Mwaka 1924, katika mji wa Jena, daktari wa Kijerumani aitwaye Hans Berger alifanikiwa kunasa mawimbi ya umeme wa ubongo wa binadamu, na mwaka 1929 akaitangazia dunia habari hiyo. Umeme huo ni mdogo mno. Hupimwa kwa sehemu za milioni za volti, na hupokewa kwa vijisahani vya madini viitwavyo elektrodi, ambavyo hugusishwa kwenye ngozi ya kichwa. Mwaka 1973, Jacques Vidal wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles aliandika makala iliyoeleza jinsi ubongo na kompyuta vinavyoweza kuwasiliana moja kwa moja, na kuanzia hapo elimu hii ikawa na jina lake.

Majeshi hayakukaa kando. Mwaka 2006, DARPA, idara ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ilianzisha mpango wa kutengeneza mikono ya bandia iliyo bora kwa ajili ya askari waliokatwa mikono. Mwaka 2012 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba mwanamke mmoja aliyepooza kwa karibu miaka 15 aliweza kuuongoza mkono wa chuma kwa nguvu ya ubongo wake, akainua chupa ya kahawa na kunywa. Mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza juu ya mgonjwa asiyeweza kusema vizuri ambaye maneno yake yalitolewa na kompyuta kwa kasi ya maneno 62 kwa dakika. Yafaa ieleweke kwamba mashine hizi hazisomi siri za moyo kama wengine wanavyodhani. Hutambua alama za tendo au neno ambalo mwenyewe anajaribu kulitoa, tena baada ya mashine kufundishwa kwa mifano mingi.

Mambo haya yote yamepikwa katika mikutano. Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa elimu hii ulifanyika Juni 1999 huko Rensselaerville, katika jimbo la New York. Walihudhuria wanasayansi na wahandisi 50 kutoka nchi sita: Marekani, Kanada, Uingereza, Ujerumani, Austria na Italia. Katika mkutano wa pili, mwaka 2002, walifika 92 kutoka Marekani, Kanada, Ulaya na China. Tangu hapo mkusanyiko huo umekua na kuhama mahali hadi mahali, na mwaka 2023 ulifanyika Brussels, Ubelgiji. Lakini misingi ilipokuwa ikiwekwa, Afrika haikuwamo katika orodha hiyo ya nchi. Wahenga walikwisha sema: asiyekuwapo na lake halipo.

Huenda mtu akadhani kwamba wanaofaa kwenda huko ni maprofesa peke yao, na kwamba mwanafunzi asubiri zamu yake. Fikira hiyo haifai. Mwanafunzi aliyesimama mbele ya bango la utafiti wake huulizwa maswali makali na watu ambao hapo awali aliwasoma vitabuni tu. Hukosolewa, hujifunza makosa ambayo hayajachapishwa popote, na huondoka akimfahamu mtu wa kumwandikia barua anapokwama. Kila askari anajua kwamba kikosi hakisogezwi mbele kabla ya doria kutangulia na kurudi na taarifa. Mwanafunzi aliyetumwa mkutanoni ndiye doria ya taifa lake katika elimu.

Upo mfano wa kweli unaoonyesha faida ya kumsikiliza mwanafunzi. Elektrodi za kawaida na kofia zake zilibuniwa na watu wenye nywele laini. Juu ya nywele nene za kipilipili hazigusi ngozi sawasawa, na mawimbi ya ubongo hupokewa vibaya au yasipokewe kabisa. Kwa sababu hiyo, watu wenye nywele za namna hiyo mara nyingine wameachwa nje ya utafiti, na mashine zikafundishwa kwa mifano ya vichwa vya wengine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyelishughulikia jambo hilo ni msichana mweusi, Arnelle Etienne, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Pittsburgh. Yeye na wenzake walizisuka nywele kwa mistari ya kulala, ngozi ikaonekana wazi katikati ya mistari, kisha wakabuni elektrodi zinazoshikiliwa na misuko yenyewe. Mwaka 2020 kazi yao iliwasilishwa katika mkutano wa kimataifa wa wahandisi wa tiba. Ususi ambao kila mama wa pwani na bara anaujua ukawa chombo cha sayansi, kwa kuwa aliyeujua alikuwamo chumbani na alipewa nafasi ya kusema.

Vizuizi vinavyomkabili kijana wa Afrika vinafahamika. Nauli ya ndege ni kubwa, ada ya kiingilio inatozwa kwa fedha za kigeni, na hata aliyevipata vyote hivyo aweza kusimamishwa mlangoni kwa kukosa viza. Desemba 2018, katika mkutano mkuu wa elimu ya kufundisha mashine uliofanyika Montreal, Kanada, Waafrika wengi waliotarajiwa kuhudhuria walinyimwa viza. Elimu hiyo ndiyo inayotumika kufasiri mawimbi ya ubongo, na kwa hiyo aliyefungiwa mlango wa kwanza amefungiwa na wa pili.

Hata hivyo, nchi jirani zimeonyesha kwamba mlango waweza kufunguliwa kutoka upande wa huku. Chama cha Wanasayansi wa Mishipa ya Fahamu wa Afrika, SONA, kilizaliwa Nairobi mwaka 1993. Mwaka 2011 shirika la TReND lilianza kuendesha mafunzo ya elimu ya ubongo huko Ishaka, Uganda, ambako wanafunzi walitumia nzi wa matunda, mdudu asiye na gharama, badala ya kusubiri wanyama na mitambo ya bei kubwa. Mwaka 2017 SONA ilifanya mkutano wake Entebbe. Na Mei 2023, mkutano mwingine mkubwa wa elimu ya kufundisha mashine, ujulikanao kama ICLR, ulifanyika Kigali, Rwanda, ikiwa ni mara ya kwanza kwa wajumbe wa mkutano huo kukusanyika katika ardhi ya Afrika. Mwanafunzi wa Mwanza au Bukoba hakuhitaji viza ya Ulaya ili afike Kigali. Alihitaji nauli ya basi na mtu wa kumwamini.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye upungufu wa madaktari na vitanda vya wagonjwa haina haja ya kushughulika na mikono inayoongozwa na ubongo. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kubezwa. Lakini majeruhi wa vichwa na migongo wamo tayari katika wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili na za hospitali nyingine, na wengi wao ni vijana. Vyombo vya kuwasaidia vitakapoanza kuuzwa, nchi hii italazimika kuvinunua. Taifa lisilo na mtu aliyeshiriki katika kuvitengeneza litanunua vyombo visivyokaa juu ya vichwa vya watu wake, kisha litalipa tena ili visahihishwe. Nauli ya mwanafunzi mmoja ni ndogo kuliko hasara hiyo.

Tena liko suala la sheria, ambalo polisi wanapaswa kulitazama mapema. Mwaka 2021 Chile iliibadili katiba yake ili kulinda shughuli za ubongo wa raia na habari zinazotokana nazo. Mwaka 2025 UNESCO ilipitisha mapendekezo ya maadili kuhusu vyombo vya namna hii. Siku moja mpelelezi ataulizwa kama habari za ubongo wa mtuhumiwa zaweza kuchukuliwa bila ridhaa yake. Ni heri jibu liandaliwe na watu wanaoifahamu elimu yenyewe kuliko kuagizwa kutoka nje pamoja na mashine.

Basi yapo mambo matatu yanayowezekana. Kwanza, vyuo vikuu vitenge fungu dogo la kila mwaka kwa safari za wanafunzi, na kila anayepelekwa arudi na taarifa ya maandishi na kuwafundisha wenzake. Pili, wanafunzi waongozwe kuomba misaada iliyopo, kama ile ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Ubongo, IBRO, ambalo limekuwa likiwasaidia wanasayansi vijana kusafiri. Tatu, anayekosa viza asikate tamaa. Mkutano wa mwaka 2021 ulifanyika wote kwa mtandao kwa sababu ya korona, na njia hiyo ilionyesha kuwa bango la mwanafunzi laweza kuvuka mpaka hata mwenyewe akizuiwa. Hospitali za majeshi nazo zaweza kushirikiana na vyuo hivyo, kwani ndizo zinazowajua askari waliopoteza viungo kazini.

Askari aliyelala kitandani akiwa na ubongo mzima na mwili usiotii ameshatimiza wajibu wake kwa taifa. Deni lililobaki ni la taifa kwake, na sehemu moja ya kulilipa ni kuhakikisha kwamba, pale dunia inapokutana kuitafuta njia ya pili, yupo kijana wa nchi hii aliyeketi, anayeuliza, na anayeandika.