Tumekuwa Wengi: Tusiwalaumu Akina Mama

(Mazungumzo mbele ya viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya akina mama)

Tumeombwa tuzungumze juu ya wingi wa watu. Neno hili tunalisikia kila penye ugomvi wa mpaka wa shamba: "Watu wamezidi, akina mama wa siku hizi wanazaa ovyo." Hebu tutazame hesabu kwanza, maanake kulaumu ni kazi rahisi.

Dunia ilifikisha watu bilioni moja mwanzoni mwa karne ya 19. Bilioni 2 ilifika 1927, bilioni 4 ikafika 1974. Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ukatangaza kwamba sasa tuko bilioni 8. Kwa hiyo wazee waliozaliwa kabla ya 1974 wameiona dunia ikiongezeka mara mbili wakiwa hai. Hapa kwetu mbio zilikuwa kali zaidi. Sensa ya 1969 ilihesabu karibu milioni 11. Ile ya 2019 ilihesabu milioni 47.6.

Kwani watu walianza kuzaa zaidi ghafla? La. Watoto waliacha kufa. Ni chanjo ya surua, maji safi, chandarua, kliniki iliyo karibu. Uchunguzi wa 2003 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa Kenya, 115 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa 2022 ulionyesha 41. Nani hapa angependa turudi kule?

Na uzazi wenyewe umepungua. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mama wa Kenya alizaa kwa wastani watoto wanane. Kufikia 2022 ni watatu na kitu. (Namna ya kupanga uzazi ni mazungumzo ya siku nyingine, yana walimu wake.)

Basi mbona bado tunaongezeka? Tuchukue boma moja. Mzee na mkewe wana ekari 8, walizaa watoto wanane, wavulana wanne na wasichana wanne. Wasichana wameolewa, wavulana wameoa. Kila mke wa boma hilo amezaa watatu tu. Wajukuu bomani ni 12! Hakuna aliyezaa ovyo, lakini ekari ni zile zile 8, na kila mwana ana 2 za kuwagawia watatu. Na hapo tumehesabu wavulana tu, jinsi wazee wanavyopenda kuhesabu. Katiba ya 2010 inampa binti haki sawa, kwa hiyo hesabu ya shamba ni ngumu kuliko hivyo. Ndivyo ilivyo kwa dunia nzima: wazazi wa leo ni wengi kwa sababu wao wenyewe walizaliwa wengi, wakapona. Hata kila mmoja akizaa wachache, idadi itapanda kwa miaka mingi kabla ya kutulia.

Itatulia lini? Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya 2024 yanasema watu watafika kama bilioni 10.3 katika miaka ya 2080, halafu wataanza kupungua. Hayo ni makadirio, si unabii. Mwaka 1968 Mmarekani Paul Ehrlich aliandika kwamba mamia ya milioni ya watu wangekufa njaa katika miaka ya 1970. Njaa zilikuwako, lakini si kwa kiasi hicho, maana mbegu mpya za ngano na mpunga zilikuwa zimekwisha kufika India na kwingineko. Na kuna nchi ambazo shida yao leo ni kinyume. Huko Korea Kusini, mwaka 2023, uzazi ulikuwa chini ya mtoto mmoja kwa kila mama. Watu wa China nao wamekuwa wakipungua tangu 2022. Huko wanauliza nani atawatunza wazee.

Kwetu Afrika, ambako tuko kama bilioni 1.5, inakadiriwa tutakuwa karibu bilioni 2.5 kufikia 2050. Watakaokuwa wazazi mwaka huo, wengi wamekwisha zaliwa. Wako nasari, wako darasani, wengine wamekaa pale stendi wakingoja bodaboda. Ekari mbili zikigawanywa tena hazitawalisha, hata tukipiga kelele namna gani. Kilichobaki ni ufundi mikononi mwao, na wasichana wamalize shule. Msichana aliyesoma huolewa akiwa amekomaa, huzaa wachache, na watoto wake hupona zaidi. Hilo limeonekana nchi baada ya nchi.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Kila jumuiya ihesabu vijana wake wa miaka 15 hadi 24 ambao hawako shuleni wala kazini, wavulana na wasichana kando kando, na kwa kila mmoja iandikwe alifika darasa gani na karo ilikwama wapi. Karatasi ziletwe ofisi ya maendeleo kabla ya mwisho wa mwezi, ndipo tujue harambee ijayo ni ya nini.