Jasho la Riyadh, Deni la Kakamega

Msikilizaji, chukua mfano wa binti wa Lurambi, Kakamega, anayefanya kazi za nyumbani Riyadh. Miezi minne hajalipwa. Usiku humtumia mamake ujumbe wa sauti, kwa kunong'ona, mwajiri asisikie. Huku nyumbani, karo ya mdogo wake inangoja pesa hizo hizo.

Sasa tusikilize pande zote mbili. Mawakala husema mkataba ni baina ya mfanyakazi na mwajiri. Wao walimtafutia kazi tu. Na ni kweli, hawashiki mfuko wa mwajiri. Lakini wakala hupewa leseni na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na kanuni humtaka aweke dhamana ya fedha. Dhamana ya nini, kama si ya siku kama hii? Kwangu mimi, mlango wa kwanza wa kubisha ni wake. Wa pili ni ubalozi wetu kule Riyadh.

Jambo jingine, na hili ni zito: ushahidi. Kuanzia Julai 2024, Saudia ilianza kutaka mishahara ya wafanyakazi wapya wa nyumbani ipitie jukwaa la mtandaoni liitwalo Musaned, si mkononi. Pesa ikipita huko huacha alama. Isipopita, hilo nalo huonekana. Na mkataba nao ni ushahidi; basi nakala yake ibaki kwa mama kabla binti hajapanda ndege.

Ila akirudi mikono mitupu, mwajiri akabaki kule, ni nani hapa Kenya atakayemlipa jasho lake?