Mfuko Mbele ya Dirisha



Nitazungumzia chumba kimoja tu, cha wagonjwa mahututi, na mgonjwa ambaye figo zake zimegoma ghafla kwa malaria kali, au kwa kupoteza damu nyingi wakati wa kujifungua. Figo hizo mara nyingi hurudi, mradi mwenyewe avushwe siku zile mbaya.

Hospitali yetu ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na mwaka 2009 ikaanzisha mpango wa kuwasafisha damu wagonjwa hao kwa njia ya tumbo. Maji maalumu huingizwa tumboni kwa mpira, yakakaa, yakavuta uchafu kutoka kwenye damu, yakatolewa, yakaingizwa mengine, usiku na mchana. Anayeyapima yaliyoingia na yaliyotoka ni muuguzi.

Mdogo wangu alisafishwa hivyo, nami nilikaa kando ya kitanda chake. Sista alinawa, akavaa barakoa, ndipo akaugusa mpira. Maji yalipotoka aliupeleka mfuko dirishani, akaweka karatasi yenye maandishi nyuma yake. Nikamwuliza kulikoni. “Nikiyasoma maandishi, mama, nina amani. Maji yakiwa na ukungu, namwita daktari sasa hivi.”

Kwenye mashine ya kusafisha damu nako ni hivyo hivyo. Damu ikizunguka nje ya mwili hupoa, na presha inaweza kuporomoka wakati wowote. Mgonjwa mwenye mpira kooni hawezi kusema, “Sista, nasikia kizunguzungu.” Muuguzi aliyemzoea huliona jasho kwenye paji la uso, akamshika miguu, akaichukua presha kabla kengele haijalia.

Wakuu wa hospitali mlioketi hapa mbele, nawasihi: muuguzi akishaivishwa kwa kazi hii, msimhamishie wodi nyingine kwa sababu tu orodha ya zamu ina pengo. Jicho lile limechukua miaka kulijenga.

Siku ya tisa, mkojo ulitokea kwenye mpira wa kibofu wa mdogo wangu, kidogo, rangi ya chai ya rangi. Sista alikuwa amemaliza zamu, pochi begani. Akaiweka chini, akapima, akaandika kwenye chati: mililita 40. Kisha akaniita nije nisome.