TUSIUZIKE ULIMI WA BARAWA PAMOJA NA WAZEE WETU

(Hotuba iliyotolewa kwa vijana na wazazi katika futari ya jumuiya)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, wazazi wetu, na wewe msomaji ambaye maneno haya yanakufikia kwa maandishi, Ramadhan Kareem. Mada niliyopewa ni turathi. Wengi wetu tukilisikia neno hili twafikiria Fort Jesus, milango ya nakshi ya Lamu na magofu ya Gede. Hayo angalau yana walinzi. Mimi nataka tuzungumze juu ya turathi isiyo na mlinzi, nayo iko humu humu majumbani mwetu Mombasa: lugha na tenzi za watu wa Barawa.

Watu wa Barawa ni nani?

Barawa ni mji wa bandari katika pwani ya kusini ya Somalia, kiasi cha kilomita 200 kutoka Mogadishu. Wenyewe huuita Miini, na lugha yao Chimiini. Lugha hii si ngeni kwetu. Ni ndugu wa Kiamu na Kitikuu; sisi tukisema "kisu", wao husema "chisu". Ndani yake mna maneno mengi ya Kiarabu na ya Kisomali, na hata ya Kitaliano, kwani Wataliano waliutawala mji ule.

Na watu wenyewe pia ni mchanganyiko. Kuna Wahatimi, Wabida, Masharifu na Watunni. Kuna wanaohesabu nasaba yao hadi Uarabuni, na kuna walio Wasomali. Kila ukoo ulijua asili yake, lakini ulimi wa mji ulikuwa mmoja.

Dini ilifundishwa kwa ulimi gani?

Kuna kijana ataniambia: "Ndugu yangu, Uislamu hauna ukabila. Tujifunze Kiarabu, tuachane na hivi vilugha." Maneno haya nayasikia sana chuoni, na si ya kudharau. Kiarabu ni lugha ya Qur'ani, na kila mmoja wetu ajitahidi kukijua. Lakini hebu tutazame wanazuoni wenyewe walifanya nini.

Barawa ulikuwa mji wa elimu. Ndiko alikotoka Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi (1847-1909), aliyesafiri hadi Baghdad, na ambaye mafundisho yake yalifika Unguja na bara ya Tanganyika. Ndiko alikotoka Sheikh Qasim bin Muhyiddin, aliyetunga kwa Kiarabu na pia kwa Chimiini. Sasa jiulize: mtu anayekijua Kiarabu barabara, ana haja gani ya kutunga kwa lugha ya nyumbani? Haja yake ni wale wasiokijua: kina mama, watoto, mafundi na wavuvi. Tauhidi, swala, sira ya Mtume (SAW), yote yakatiwa katika tenzi, ambazo wao huziita steenzi. Wanawake wakazihifadhi kwa moyo na kuzisoma majumbani.

Tena wanawake hawakuwa wasikilizaji tu. Dada Masiti, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa mtunzi mwenyewe, na utenzi wake kuhusu mauti na akhera ungali unajulikana na wazee wa Barawa mpaka leo.

Katika Surat ar-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu ametufahamisha kwamba kutofautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu ni miongoni mwa ishara Zake. Basi kuutunza ulimi uliobeba dini kwa miaka mingi hivyo si ukabila.

Walivyotawanyika

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilipoanguka, Barawa iliporwa vibaya. Watu wake walikuwa wafanyabiashara, mafundi na wavuvi, hawana jeshi la kuwalinda. Wakapanda majahazi wakaja Mombasa, wakakaa kambini. Kina mama wakashika sindano na kushona kofia ili watoto wale. Kambi zilipofungwa katika miaka ya 1990, kuna waliobaki nasi na kuna waliopelekwa Marekani na Uingereza. Mji wenyewe ulikuwa mikononi mwa al-Shabaab hadi Oktoba 2014.

Huko London, mwezi Juni 2013, kituo chao cha Muswell Hill kiliteketea kwa moto. Watoto walikuwa wakisomea pale. Baadaye, wakati wa Ramadhan, sinagogi la Wayahudi huko Finchley liliwafungulia milango wakusanyike humo. Jamii haikutawanyika kwa sababu jengo limeungua.

Lugha ndiyo inayonitia hofu, kwa sababu yenyewe hufa polepole, na hakuna anayepiga ukelele. Angalia nyumba nyingi za Kibarawa, yetu ikiwemo. Bibi ananena Chimiini. Mama anaelewa, lakini anajibu kwa Kiswahili. Watoto wanaitikia kwa Sheng, na walioko London kwa Kiingereza. Ni vizazi vitatu tu, kisha basi.

Alhamdulillah, wako waliofanya kazi. Mwaka 2018 Alessandra Vianello, Lidwien Kapteijns na Mohamed Kassim walitoa kitabu kikubwa cha tenzi za dini za Barawa, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Lakini tusidanganyane: mahadhi yake nani atatufundisha? Ni yule bibi aliyekaa upande wa kina mama sasa hivi, anangoja aulizwe.

Tufanye nini mwezi huu?

1. Baada ya tarawehe, kaa na mzee wako. Muombe ruhusa, kisha mrekodi kwa simu akisoma utenzi mmoja. Andika jina lake, na nani alimfundisha.

2. Kama nyumbani kuna karatasi za zamani za maandishi ya Kiarabu, usizichome wala usizitupe. Zipige picha, uzihifadhi pakavu.

3. Wazazi, tengeni saa ya futari iwe ya Chimiini. Mtoto akikosea, msimcheke. Akichekwa leo, kesho hatajaribu tena.

4. Walimu wa madrasa, wakaribisheni bibi zetu wasomeshe watoto utenzi mmoja kabla ya Idi.

Na wewe usiye Mbarawa, nyumbani kwenu pia yuko mzee anayejua jambo ambalo wewe hulijui. Muulize angali hai.

Mwenyezi Mungu atutakabalie swaumu zetu, awarehemu waliotangulia, na awape umri na afya wazee wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.