Tuulize Asili ya Mfupa Tunaotiliwa Tayani

Jino ling'olewapo, mfupa uliolishikilia hukosa kazi, nao huanza kusinyaa, hasa katika mwaka wa kwanza. Mwaka 1965, Dakta Brånemark wa Sweden alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza mizizi ya titani, madini yanayoshikamana na mfupa ulio hai. Lakini mzizi huo hausimami penye mfupa haba, kama vile nguzo isivyosimama mchangani. Kwa hiyo daktari huijenga taya kwanza: hutia chembe za mfupa, huzifunika kwa utando, kisha mgonjwa husubiri, mara nyingi miezi 4 hadi 9, mpaka mwili ujenge mfupa wake.

Hapa ndipo yatupasapo kuuliza. Chembe hizo huweza kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, kwa maiti, kwa ng'ombe, kwa nguruwe, au kutengenezwa kiwandani. Hata utando huweza kuwa wa nguruwe. Basi tusione haya kumwuliza daktari kabla ya kutia sahihi, kwani njia nyingine zipo. Tena tuache sigara na tudhibiti kisukari, maana vyote hudhoofisha mshikamano wa mfupa. Mwenyezi Mungu atujaalie afya njema. Amin.